Jinsi ya Kuchunguza Kazi ya Poliamini katika Kifo cha Seli Kilichopangwa

Mwanafunzi anayeanza kuchunguza poliamini, molekuli ndogo ambazo seli hujitengenezea, huja na swali moja, nalo ndilo linalompoteza: je, poliamini huua seli au huziokoa? Nimelisikia swali hilo mara nyingi hapa Tanga, kwa vijana wa kidato cha sita na kwa wale walio chuoni wanaorudi nyumbani likizo wakiwa na mada ya utafiti mkononi, na kila mara huwajibu kwamba swali lenyewe halijatimia. Poliamini ipi? Kwa kiasi gani? Imo ndani ya seli au iko nje yake? Na ni nani mwingine aliyemo katika chombo zinamokuzwa seli anayeweza kuigeuza ikawa kitu kingine kabla haijaifikia seli? Mwongozo huu unaeleza namna ya kupanga jaribio linaloyauliza mambo hayo manne kwa utaratibu. Sehemu kubwa yake inahitaji maabara ya kukuzia seli, lakini mwishoni nimeweka jaribio ambalo shule yenye vifaa vichache inaweza kulifanya.

Ijue familia yenyewe kabla ya kuipima

Poliamini kuu katika seli za wanyama ni tatu, nazo ni putresini, spermidini na spermini. Ni molekuli ndogo zenye umbo la mnyororo mwembamba wa kaboni uliopachikwa vikundi vya amini, na katika hali ya kawaida ya seli kila kikundi cha amini hubeba chaji chanya moja, ndiyo maana putresini huwa na chaji mbili, spermidini tatu na spermini nne. Ukilishika jambo hilo umeshika nusu ya somo, kwa sababu DNA, RNA na ATP zote zina chaji hasi, na poliamini huzing'ang'ania. Jumla ya poliamini ndani ya seli hufikia kiwango cha milimola, lakini sehemu kubwa imeshikwa, hasa na RNA, na kinachobaki huru ni kidogo. Anayepima jumla bila kukumbuka hilo hudhani seli ina poliamini nyingi zinazozunguka ovyo, na hiyo si hali halisi.

Seli huzitengeneza kwa hatua chache. Asidi amino iitwayo ajinini huvunjwa ikatoa onithini. Kimeng'enya kiitwacho onithini dikaboksilesi, ambacho kuanzia hapa nitakiita ODC, huondoa kaboni dayoksaidi kwenye onithini, ikabaki putresini. Putresini huongezewa kipande kimoja chenye kaboni tatu na amini moja ikawa spermidini, na spermidini huongezewa kingine cha aina hiyohiyo ikawa spermini. Vipande hivyo viwili hutokana na methionini. ODC ni miongoni mwa protini zenye umri mfupi kabisa katika seli ya mamalia: nusu yake huweza kutoweka katika muda wa dakika 10 hadi 30. Poliamini zikizidi, seli hutengeneza protini nyingine, antizaimu, inayoikamata ODC na kuipeleka kuvunjwavunjwa, na inayozuia pia poliamini za nje zisiingizwe. Seli isingeweka walinzi wawili mlango mmoja kama wingi na uhaba wa kitu hiki usingekuwa na hatari.

Safari ya kurudi nyuma ipo pia, na katika mada yetu ndiyo yenye uzito zaidi. Spermini huweza kugeuzwa moja kwa moja kuwa spermidini na kimeng'enya kiitwacho spermini oksidesi, au spermini na spermidini zikawekewa kwanza kikundi cha asetili na kimeng'enya kiitwacho SSAT, kisha zikakatwa na oksidesi nyingine. Katika njia zote mbili hubaki mazao ya pembeni, yaani haidrojeni peroksaidi na aldehaidi. Hayo ni makali. Mara nyingi tunaposema kwamba poliamini imeiua seli, muuaji ni mazao hayo.

Hapa niingize jambo la pua. Jina la putresini limetokana na uozo, na aliyeieleza mwaka 1885 ni daktari wa Kijerumani, Ludwig Brieger, aliyekuwa akichunguza kemikali za nyama iliyooza. Mtu wa Tanga hahitaji kuitafuta mbali. Pita soko la samaki la Deep Sea asubuhi, boti zinaposhusha, utasikia shombo, ambayo ni harufu ya samaki mbichi tu. Waache vibua juani hadi alasiri, macho yazame na nyama iachie mwiba, na ile shombo itakuwa imegeuka uvundo. Katika uvundo huo imo putresini pamoja na ndugu yake kadaverini. Lakini jihadhari na hitimisho ambalo mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuliandika, kwamba poliamini ni matokeo ya kifo. Putresini ya samaki aliyeoza hutengenezwa na bakteria wanaovunja asidi amino za mzoga, wakati putresini ninayoizungumzia hapa hutengenezwa na seli hai kwa ajili ya uhai wake, na seli isiyokuwa nayo kabisa haiwezi kugawanyika. Molekuli ni ileile, ila mtengenezaji na sababu ya kuitengeneza ni vingine kabisa.

Tambua ni kifo gani unachokitazama

Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walikipa jina la apoptosisi kile kifo ambacho seli hujiondoa yenyewe kwa utaratibu, na jina hilo walilichukua katika neno la Kigiriki linalotumika kwa majani yanayopukutika. Kwa sisi wa pwani mfano uko uani: jani la mkungu halianguki likiwa kijani isipokuwa upepo umelivunja, kwanza hugeuka jekundu, mti ukarudisha ndani kile unachokihitaji, kisha hukatika pale pale palipoandaliwa. Jani lililovunjwa na upepo ni nekrosisi, yaani kifo kisichopangwa, na jani jekundu lililoshuka lenyewe ni apoptosisi.

Katika seli ya mnyama, dalili za apoptosisi ni hizi: seli husinyaa, kiini hukazana na kukatika, utando hutoa malengelenge lakini haupasuki mapema, na mafuta yaitwayo fosfatidilserini, ambayo kawaida hukaa upande wa ndani wa utando, hujitokeza nje kama ishara kwa seli zinazomeza mabaki. Ndani, mitokondria huachia saitokromu c, vimeng'enya viitwavyo kaspesi huamka, na DNA hukatwa vipande vyenye urefu unaopanda kwa hatua za takriban jozi 180 za besi, ndiyo maana ikipitishwa kwenye jeli huonekana kama ngazi.

Chagua vipimo viwili angalau vinavyotazama mambo tofauti. Mimi hupendekeza rangi ya aneksini V, inayoshika fosfatidilserini, pamoja na propidiamu ayodaidi, inayoingia tu katika seli ambayo utando wake umeshatoboka. Kisha kipimo cha kaspesi-3. Seli inayoshika aneksini bila propidiamu iko katika hatua za mwanzo za apoptosisi, na inayoshika vyote viwili imefika mwisho wa safari, kwa njia yoyote ile iliyoipitia, kwa hiyo pima kwa saa mbalimbali na usitegemee saa moja. Kipimo cha MTT, ambacho wengi hukimbilia kwa sababu ni rahisi, usikitumie peke yake. MTT hupima kazi ya kimetaboli ya seli zote zilizomo chomboni. Seli zikiwa chache kwa sababu zimeacha kugawanyika, namba itashuka hata kama hakuna hata moja iliyokufa, na poliamini zinahusika sana na kugawanyika kwa seli. Nimeona kazi nzima zikiharibika kwa kosa hilo.

Andaa chumvi na vimiminika

Nunua poliamini katika hali ya chumvi ya haidrokloridi, usinunue zile zilizo huru, kwa sababu zilizo huru huunguza ngozi, hunyonya kaboni dayoksaidi ya hewani na hupandisha pH ya kimiminika hadi seli zikafa kwa ubesi badala ya kufa kwa jambo unalolichunguza. Uzito wa molekuli wa putresini dihaidrokloridi ni 161.1, wa spermidini trihaidrokloridi ni 254.6 na wa spermini tetrahaidrokloridi ni 348.2. Kwa hiyo ukitaka mililita 10 za kimiminika chenye milimola 10 kwa lita (viwango vyote vya milimola na mikromola humu ni kwa lita), utapima miligramu 16.1 za ya kwanza, 25.5 za ya pili na 34.8 za ya tatu. Yeyusha katika maji safi yaliyochujwa, rekebisha pH iwe 7.4, pitisha katika kichujio cha mikromita 0.22, gawa katika vijichupa vidogo vya matumizi ya mara moja, kisha gandisha.

Nasisitiza vijichupa vya mara moja kwa sababu mbili zinazotuhusu hasa sisi wa hapa. Ya kwanza ni umeme: chupa moja kubwa ikiyeyuka na kuganda mara tano kwa wiki hutajua tena una kitu gani ndani yake, lakini vijichupa vilivyopangwa katikati ya friza, vikizungukwa na mifuko ya barafu, huvumilia saa kadhaa. Ya pili ni unyevu. Chumvi hizi hunyonya maji ya hewani, na hewa ya Tanga wakati wa masika ni kama taulo lililolowa. Chupa ikitolewa kwenye baridi na kufunguliwa papo hapo, mvuke huganda ndani yake, na unga uliokuwa ukimiminika kama chumvi ya mezani huanza kushikamana na kijiko; ukiupima hapo, sehemu ya uzito ni maji, na kiwango chako chote kimekosewa kabla hujaigusa seli. Acha chupa ifikie joto la chumba ikiwa imefungwa, kwa nusu saa au zaidi, ndipo uifungue, upime upesi na uirudishe kwenye chombo chenye kikaushio.

Mtego wa seramu

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu, na naomba isomwe polepole.

Seli zinazokuzwa maabara kwa kawaida hulishwa kimiminika chenye asilimia 5 hadi 10 ya seramu ya ndama. Seramu ya wanyama wanaocheua, yaani ng'ombe, mbuzi na kondoo, ina kimeng'enya cha amini oksidesi kinachoishambulia spermini na spermidini mara zinapomiminwa, na kuzalisha haidrojeni peroksaidi, amonia na aldehaidi ambazo huvunjika zaidi zikatoa akrolini, sumu kali kwa seli. Hayo yote hufanyika nje ya seli, ndani ya kile kimiminika chenyewe. Seli hufa kweli, tena huweza kufa kwa dalili zote za apoptosisi, lakini kilichoziua hakikuwa spermini.

Nilinaswa na mtego huo nikiwa kijana, katika maabara moja ya chuo mbali na hapa. Nilimimina spermini ya mikromola 50 jioni, na asubuhi nilipoitazama chupa chini ya hadubini nilikuta seli zimeachia sakafu, zimekuwa duara na zinaelea makundi makundi, nyingine zimetoa malengelenge kama povu la sabuni. Nilifurahi. Nilirudia mara tatu, matokeo yakawa yaleyale, msimamizi wangu akayaingiza katika ripoti bila kuniuliza swali hata moja, na kwa miezi kadhaa nikajenga kazi juu ya msingi huo. Aliyenifungua macho alikuwa mama mmoja, fundi wa maabara aliyekaribia kustaafu. Nilimwamkia, akatazama daftari langu kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwanangu, seramu hii ni ya mnyama gani?" Nikamwambia ni ya ng'ombe. "Na aminoguanidini umeweka wapi?" Sikuwa nimeiweka popote kemikali hiyo, ambayo hukizuia kile kimeng'enya cha seramu. Akafunga daftari taratibu akasema, "Basi hujaipima seli bado. Umeipima damu ya ng'ombe." Wiki ile nilirudia jaribio nikiwa na aminoguanidini, na seli zilezile, kwa spermini ileile, zilikaa sakafuni zimetulia siku mbili nzima.

Kwa hiyo, katika kila jaribio ambalo poliamini inamiminwa kutoka nje, panga vyombo vitano. Cha kwanza kina seli na chakula chake tu. Cha pili kina aminoguanidini ya milimola 1 peke yake, kwa sababu kemikali hiyo huzuia pia vimeng'enya vingine, kikiwemo kile kinachotengeneza naitriki oksaidi, na ni lazima ujue inafanya nini ikiwa peke yake. Cha tatu kina spermini peke yake. Cha nne kina vyote viwili, ukitanguliza aminoguanidini kabla ya spermini. Cha tano kina spermini pamoja na katalesi, kimeng'enya kinachovunja haidrojeni peroksaidi. Kifo kikionekana katika cha tatu na kikatoweka katika cha nne, muuaji ni mazao ya seramu. Kikipungua tu katika cha tano bila kuisha, jua kwamba peroksaidi ilikuwa na mwenzake, na huyo mwenzake ni aldehaidi. Kifo kikibaki palepale katika cha nne, hapo ndipo una haki ya kuanza kufikiri kwamba poliamini yenyewe inahusika. Wengine hubadilisha seramu ya ndama kwa ya farasi, ambayo ina kimeng'enya hicho kwa kiasi kidogo zaidi, na njia hiyo ni nzuri kama seli zako zinaikubali, lakini haikuondolei wajibu wa vyombo vingine.

Upande wa pili: punguza badala ya kuongeza

Kuongeza poliamini ni nusu ya uchunguzi. Nusu ya pili ni kuzipunguza ndani ya seli, na nyenzo yake ni eflonithini, ambayo wataalamu huiita DFMO, kemikali inayojifunga kwenye ODC moja kwa moja na kuilemaza. Iweke katika kiwango cha milimola 1 hadi 5 kwa siku mbili hadi nne. Putresini na spermidini zitashuka sana. Spermini itashuka kidogo na kwa kuchelewa, kwa hiyo usiandike kwamba umemaliza poliamini zote. Chukua sampuli za seli, toa poliamini kwa asidi ya perkloriki, na zipime kwa kromatografia, kwa sababu kumimina dawa si ushahidi kwamba imefanya kazi.

Sambamba na hayo weka chombo cha uokoaji: seli zilizopewa eflonithini kisha zikaongezewa putresini ya mikromola 10. Ikiwa badiliko uliloliona limetokana na upungufu wa poliamini, putresini italirudisha nyuma. Lisiporudi, dawa imefanya jambo jingine. Mimi siamini kazi yoyote ya eflonithini isiyo na chombo hicho, hata kama michoro yake inapendeza.

Eflonithini ina historia inayotugusa. Mwaka 1990 iliidhinishwa nchini Marekani kutibu malale yanayosababishwa na Trypanosoma brucei gambiense, vimelea wa Afrika ya magharibi na ya kati. Vimelea hao wanahitaji spermidini kwa sababu ya pekee: huiunganisha na glutathioni kutengeneza trypanothioni, kinga yao dhidi ya sumu za oksijeni, iliyogunduliwa mwaka 1985. ODC ya vimelea hao hudumu muda mrefu, kwa hiyo ikilemazwa hawana nyingine ya haraka, ilhali ODC ya binadamu hutengenezwa upya kila mara. Malale ya kwetu Tanzania ni ya aina ya rhodesiense, ambayo dawa hiyo haiitibu vizuri, na huku silaha imeelekezwa zaidi kwa mbung'o mwenyewe: hapa Tanga ndipo walipozalishwa mbung'o madume waliotasishwa kwa mionzi, wakarushwa kwa ndege juu ya Unguja katika miaka ya 1990 hadi mbung'o wa kisiwa hicho wakatoweka. Desemba 2023 eflonithini hiyohiyo iliidhinishwa Marekani kwa watoto wenye neuroblastoma ya hatari kubwa, ili kupunguza uwezekano wa saratani hiyo kurudi. Katika seli nyingi haiui, huzisimamisha zisigawanyike. Tofauti hiyo ya kusimamisha na kuua ndiyo mwanafunzi anayopaswa kuishika anaposoma namba zake.

Baada ya kupunguza poliamini, ichokoze seli kwa kitu kinachojulikana kuamsha apoptosisi, kisha ulinganishe. Hapa pana mtego mwingine. Wengi hutumia kamptothesini, ambayo huua hasa seli zinazonakili DNA yao. Seli iliyonyimwa poliamini imeacha kunakili, kwa hiyo huweza kuepuka kamptothesini kwa sababu tu haikuwa kazini siku ile, na wewe ukaandika kwamba upungufu wa poliamini unazima mfumo wa kifo. Tumia vichokozi viwili: kamptothesini, na kingine kisichotegemea mzunguko wa seli, kama staurosporini. Vikikubaliana, hoja yako ina miguu miwili.

Unaposoma matokeo yanayopingana

Utakuta yanapingana, usishtuke. Katika seli za utando wa utumbo wa panya, kuzipunguza poliamini kwa eflonithini kulizifanya zisife kirahisi zilipochokozwa. Katika seli za aina nyingine upungufu huohuo umezifanya ziwe dhaifu zaidi. Spermini imeonekana ikiilinda mitokondria isifungue vitundu vyake, na katika majaribio mengine imeonekana ikiifanya iachie saitokromu c. Imeonekana ikiikaza DNA isikatwe na vimeng'enya wala kuchomwa na chembe kali za oksijeni, na ikivunjwa yenyewe huzalisha hizohizo chembe kali.

Namna ya kuyapatanisha ni kuuliza, kwa kila kazi unayoisoma, ni njia ipi iliyokuwa wazi. Poliamini zikiwa nzima na katika kiwango cha kawaida, kazi yake ya kukaza DNA, kutuliza tando na kuendesha utengenezaji wa protini huelekea kulinda. Spermidini ina kazi moja isiyoweza kufanywa na mwingine: hutoa kipande kinachogeuza protini iitwayo eIF5A iweze kufanya kazi, na bila hiyo protini nyingi za seli hukwama katikati ya kutengenezwa. Mwaka 2009 ilionyeshwa pia kwamba spermidini huamsha otofajia, yaani seli kujisafisha kwa kula sehemu zake zilizochakaa, na chachu, nzi na minyoo waliopewa waliishi muda mrefu zaidi. Njia ya uvunjaji ikiamshwa kwa nguvu, mambo hugeuka. Vipo vifananishi vya spermini vinavyoipandisha SSAT kupita kiasi katika baadhi ya seli za saratani ya ngozi, na seli hizo hufa kwa apoptosisi. Na mwaka 2016 iliripotiwa kwamba protini ya p53, mlinzi maarufu dhidi ya saratani, huiwasha jeni ya SSAT na kuifanya seli ielekee feroptosisi, kifo kinachotokana na mafuta ya utando kuoksidishwa kwa msaada wa chuma. Ndiyo maana nimesisitiza kipimo cha zaidi ya aina moja: anayetafuta kaspesi peke yake katika seli inayokufa kwa feroptosisi ataandika kwamba hakuna kilichotokea, huku seli zinaisha.

Jaribio la shule: majani gizani

Mwalimu asiye na maabara ya seli anaweza kuonyesha upande wa ulinzi kwa majani. Mmea hauna kaspesi halisi wala seli zinazomeza mabaki, lakini kuzeeka kwa jani ni kifo kilichopangwa, na dalili yake huonekana kwa macho: klorofili hupotea. Spermidini na spermini zimejulikana tangu miaka ya 1970 kuchelewesha upotevu huo katika majani yaliyokatwa na kuwekwa gizani.

Chuma majani ya kunde yaliyokomaa ambayo hayajaanza kugeuka rangi, yote ya umri mmoja na, ikiwezekana, ya mche mmoja. Toboa vidoange, yaani vipande vya duara vya jani vyenye upana wa sentimita 1, ukiepuka mshipa mkubwa wa katikati, na vichanganye kabla ya kuvigawa ili jani moja lisiende lote katika sahani moja. Andaa sahani nne zenye kifuniko: ya maji matupu, ya spermidini ya milimola 1, ya kloridi ya kalsiamu ya milimola 1, na ya spermidini na kalsiamu kwa pamoja. Sahani za kalsiamu ndizo zinazoligeuza onyesho likawa jaribio, kwa sababu kalsiamu nayo ina chaji chanya na hugombania viti vilevile kwenye utando. Zitakuonyesha kama ulichokiona ni kazi ya spermidini yenyewe au ni kazi ya chaji yoyote. Elesha vidoange kumi katika kila sahani, zifunike kwa kitambaa cheusi, na uziweke mahali penye kivuli pasipopata joto la bati, kwani darasa lililoezekwa kwa bati mchana wa Februari huyapika majani yote sawasawa. Badilisha vimiminika kila siku ili ukungu usitangulie kuyala.

Siku ya tatu anza kulinganisha, na endelea hadi ya tano au ya sita. Toa vidoange vitatu kila sahani, vitie katika mirija yenye spiriti, ichovye mirija hiyo katika maji ya moto yaliyokwisha kuondolewa jikoni, kamwe usiiweke juu ya moto, na subiri hadi vidoange viwe vyeupe. Panga mirija mbele ya karatasi nyeupe dirishani na umwite mwanafunzi ambaye hajui upi ni upi aipange kutoka ulio kijani zaidi hadi uliofifia. Andika mpangilio wake kabla hujamwambia. Katika daftari, andika pia tarehe majani yalipochumwa, saa yalipowekwa gizani, pH ya kila kimiminika, na vidoange vilivyoota ukungu, ambavyo vitatolewa katika hesabu kwa sahani zote nne kwa kanuni ileile iliyowekwa kabla ya kufunua kitambaa.